Jasho la Mtoto Husema Nini?

Siku hizi kuna saa na vikuku vinavyodai kupima msongo wa mawazo wa mtoto. Mimi ni mwandishi wa programu, na swali langu la kwanza huwa hili: kifaa chenyewe kinasoma nini hasa?

Baadhi husoma jasho. Mwaka 1888 daktari Mfaransa Charles Féré alipitisha umeme hafifu kwenye ngozi, akaona unapita kwa urahisi zaidi mtu anaposisimka. Tezi za jasho zikiamshwa, ngozi hupata maji na chumvi, na upinzani hushuka (ile fizikia ya sekondari!). Karne ya 20 kipimo hicho kikaingizwa kwenye mashine za kutambua uongo. Tatizo ni kwamba mkweli mwenye hofu hutokwa jasho vilevile.

Aliyekileta kwa watoto ni Rosalind Picard wa MIT, aliyeandika kitabu Affective Computing mwaka 1997. Maabara yake ilitengeneza vikuku vya kuwasaidia watu wenye usonji, kwa sababu mtoto asiyezungumza anaweza kuonekana ametulia kumbe ndani anachemka. Mwanafunzi mmoja akaazima vikuku viwili wakati wa likizo, akamvalisha mdogo wake. Picard alipotazama data aliona mkono mmoja umepanda kama mlima, ule mwingine kimya. Hapo mimi ningesema kifaa kimeharibika, nikaenda kulala. Yeye alimpigia simu mwanafunzi, na ikabainika kuwa muda mfupi baada ya mlima ule mtoto alishikwa na kifafa. Walitafuta msongo, wakakuta ugonjwa. Kikuku cha Embrace kilichotokana na kazi hiyo kiliidhinishwa na FDA ya Marekani mwaka 2018, na 2019 kwa watoto kuanzia miaka 6.

Kwa hiyo mzazi akiona namba imepanda, ajue mtoto amesisimka tu. Huenda ni hofu ya mtihani, huenda ni bao la mpira. Mwalimu akiichukua namba hiyo kama ushahidi, tumerudi kwenye mashine ya uongo.

Na roboti je? Huggable, dubu wa MIT, alijaribiwa katika Boston Children's Hospital. Matokeo ya 2019, kwa watoto 54 wa miaka 3 hadi 10, yalionyesha kuwa waliocheza naye walikuwa na furaha kuliko waliopewa dubu wa kawaida wa kitambaa. Ila dubu huyo hakujiendesha. Kulikuwa na binadamu kwenye kompyuta, akimsikiliza mtoto na kumjibu.