Mlango wa Arubaini: Watoto Wachanga na Maradhi katika Pwani ya Kismayu

Visiwa vilivyojipanga sambamba na bara kutoka Kismayu hata kukaribia Ras Kiamboni, vikiwamo Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, vimeandikiwa tarikhi aghalabu kwa mambo ya bendera na ya bandari. Tunasoma kwamba Kismayu ilikuwa chini ya Sayyid wa Unguja. Kwamba mwaka 1875 merikebu za Khedive wa Misri, zikiongozwa na Mwingereza McKillop, ziliutwaa mji kwa muda mfupi kisha zikaondoka. Kwamba Waingereza waliitawala Jubaland, jimbo lenye Kismayu, na mwaka 1925 wakaikabidhi kwa Wataliani. Na kwamba Neville Chittick, mtaalamu wa mambo ya kale, aliizuru pwani hii mwaka 1968 akitazama misikiti iliyobomoka na makaburi ya nguzo. Yote hayo yana thamani yake. Walakini iko tarikhi nyingine, isiyojengewa nguzo wala kupandishiwa bendera, nayo ni ya mapambano yaliyopita ndani ya vyumba vya wazazi, kati ya mtoto wa siku tano au ishirini na maradhi ambayo jicho haliwezi kuyaona. Tarikhi hiyo ndiyo ninayotaka kuisema hapa, maana naamini ya kuwa pwani hii imeufunza ulimwengu jambo kubwa katika mapambano hayo, na ulimwengu haujailipa.

Katika miji na visiwa vya Waswahili, Wabajuni wa visiwa hivi wakiwamo, mwanamke aliyejifungua alikaa ndani siku arubaini. Mkunga, ambaye aghalabu alikuwa mama mtu mzima aliyeurithi ukunga kwa mamaye au kwa shangazi yake, alimkanda kwa maji ya moto, akampa vyakula vya kumrudishia nguvu, akakifukiza chumba kwa udi na ubani. Na mtoto, aliyekwisha kuadhiniwa sikioni, alifungwa hirizi, na alipougua mwalimu alimwandikia kombe. Wageni waliingia kwa kiasi na kwa idhini. Msomaji wa leo ataona katika ada hizi mambo ambayo tabibu hayakubali, na sina nia ya kuyatetea yote: ubani hauui kirusi, na wako watoto waliocheleweshwa kwa kombe hata homa ikawazidi. Lakini ule mlango uliofungwa siku arubaini ulikuwa tadbiri ya maana, maana ulipunguza idadi ya pumzi za watu zilizomfikia kiumbe ambaye mwili wake haujajua kujitetea. Hospitali kubwa za dunia, zinapomweka mtoto mchanga mahututi katika chumba cha peke yake, zikamzuilia wageni na kumwekea mlinzi asiyelala, hufanya kwa vyombo vipya kazi ambayo mkunga aliifanya kwa busara na kwa imani.

Maradhi yaliyoogopwa kuliko yote ni ndui. Ilikuja kwa jahazi na kwa misafara, na ilipoingia katika mji haikuwa na dawa. Wala katika zama zake zote aliyekwisha kuugua hakupata kuwa na tiba ya hakika zaidi ya kuuguzwa. Ndui kali iliua kiasi cha watu watatu katika kila kumi, na watoto wachanga ndio waliokuwa wepesi wa kuchukuliwa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa ada kumtenga mgonjwa nje ya mji, akahudumiwa na mtu mwenye makovu ya ndui usoni, maana ilijulikana dhahiri kwamba aliyeugua akapona haugui tena. Elimu hiyo haikutoka katika kitabu cha mgeni. Lakini fikiri, msomaji, juu ya mama aliyeota vipele akiwa na mwana wa majuma mawili kifuani: akimnyonyesha anamhatarisha, akimtenga anamtia njaa, na hapakuwa na tabibu wala chombo cha kumtoa katika shida hiyo, isipokuwa subira na rehema ya Mwenyezi Mungu.

Surua nayo ilikuwa na hila nyingine. Kirusi chake huweza kukaa katika hewa ya chumba kiasi cha saa mbili baada ya mgonjwa kutoka, hata mgeni aliyekwisha kwenda zake huacha hatari nyuma yake. Mama aliyewahi kuiugua, au katika zama zetu aliyechanjwa, humpitishia mtoto kinga angali tumboni, nayo humlinda miezi ya mwanzo kisha ikafifia. Ndiyo sababu chanjo ya surua hutolewa mtoto afikapo miezi tisa, kinga ya mama inapokuwa imepungua. Mtoto aliyezaliwa na mama asiye na kinga hana ngao hata siku moja, na yu katika hatari tangu pumzi yake ya kwanza.

Sasa nije kwenye tukio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote yaliyopata kutokea katika pwani ya Kusini mwa Somalia, nalo halikutokea Kismayu bali Marka, mji wa bandari ulio kaskazini yake, katika Oktoba 1977. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeanza mwaka 1967 kampeni kali ya kuifuta ndui duniani, na kufikia mwaka huo wa 1977 maradhi yalikuwa yamesukumwa hata yakabaki katika Pembe ya Afrika peke yake. Somalia iliripoti mwaka ule wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wafugaji wahamao, na ndui yenyewe ilikuwa ya aina iliyo hafifu kuliko ile ya kale. Tarehe 12 Oktoba gari lililokuwa limewachukua watoto wawili wagonjwa kutoka kambi ya wafugaji lilifika hospitali ya Marka, na dereva akauliza njia ya kwenda mahali pa kutengea wagonjwa. Kijana mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, alipanda garini kumwelekeza, akakaa nao dakika chache tu. Mmoja wa watoto wale, msichana wa miaka 6, alifariki baada ya siku mbili.

Maalin alikuwa amefanya kazi ya muda katika shughuli za chanjo, lakini mwenyewe hakuwa na kinga. Baadaye alieleza wazi kwamba aliiogopa sindano. Siku kumi baadaye alishikwa na homa. Kwanza ilidhaniwa malaria, kisha vipele vilipotoka ikadhaniwa tetekuwanga, na tarehe 30 Oktoba ikathibitishwa kuwa ni ndui. Hapo ndipo ilipodhihirika hikima ya mlango uliofungwa, ila safari hii mlango ulikuwa wa mji mzima. Hospitali ilikataa wagonjwa wapya, na waliokuwamo wakazuiwa humo humo. Walinzi wakawekwa katika njia kuu na katika vijia vya miguu. Watu 161 waliokutana na Maalin wakatafutwa mmoja mmoja. Na wachanjaji wakapita nyumba kwa nyumba, hata katika majuma mawili wakachanjwa watu 54,777. Maalin akapona, na baada yake hapakutokea tena duniani mtu aliyepata ndui kwa njia ya asili. Tarehe 26 Oktoba 1979 ilitangazwa jijini Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesalimika, na tarehe 8 Mei 1980 Baraza la Afya Duniani likatangaza kwamba ulimwengu wote umesalimika.

Natamani kila mzazi wa pwani hii alijue jambo hilo. Maradhi yaliyoua watoto wa Misri ya Firauni, wa India, wa Ulaya na wa Amerika, yalikomea Marka, katika mikono ya wauguzi na wachanjaji, wengi wao Wasomali, waliotembea kwa miguu wakibisha hodi. Na Maalin mwenyewe alifanya jambo la heshima: alijitolea katika kampeni ya kufuta polio, akiwaeleza wazazi waliositasita yaliyompata yeye kwa kuikwepa chanjo. Polio iliporudi Somalia mwaka 2013 alirudi kazini, na katika kazi hiyo akashikwa na malaria, akafariki tarehe 22 Julai mwaka huo.

Wakati huo Kismayu na visiwa vilikuwa vimekwisha kupita katika miaka ya dhiki. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni, ambao hawakuwa na jeshi wala kabila kubwa lenye silaha la kuwatetea, walinyang'anywa mali na mashua, na wengi wakakimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Januari 2008 wafanyakazi watatu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka waliuawa kwa bomu mjini Kismayu. Wapiganaji wa Al-Shabaab waliutwaa mji Agosti mwaka huo huo na wakaushika hata mwisho wa Septemba 2012. Na Novemba 2011, katika mwaka wa njaa kuu, wakayapiga marufuku mashirika 16, miongoni mwao la afya na la watoto la Umoja wa Mataifa. Agosti 2013 Madaktari Wasio na Mipaka wakafunga kazi zao zote Somalia baada ya miaka 22, wasirudi ila mwaka 2017. Mwaka huo wa 2017 waliodhaniwa kuugua surua katika nchi nzima walizidi 20,000. Hodi iliyofuta ndui ilikuwa imenyamazishwa, na surua haikungoja.

Mtoto mchanga aliyeshambuliwa na kirusi mapafuni au ubongoni haombi miujiza. Ahitaji hewa ya oksijeni, joto lisilobadilika, maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kupitishwa kwa mrija ikiwa hawezi kunyonya, na muuguzi wa kumtazama usiku kucha. Maana katika maradhi mengi ya namna hii dawa ni chache, na uangalizi huuweka mwili hai mpaka wenyewe ujitetee. Kismayu ina hospitali kuu, nayo imepata msaada wa Msalaba Mwekundu. Lakini mama wa Chula au wa Koyama yuko ng'ambo ya maji, na kusi inapovuma kwa nguvu katika miezi ya kati ya mwaka, mashua ndogo hazithubutu kutoka. Na homa ya mtoto haitazami majira ya pepo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mamlaka ya Jubaland, kwa mashirika yaliyorejea, na kwa Wabajuni walio Mombasa, Uingereza na kwingineko wenye uwezo. Visiwa vipatiwe boti ya wagonjwa iwezayo bahari ya kusi. Wakunga wa visiwani wafunzwe dalili za hatari na wapewe simu ya kuita, wala wasidharauliwe, maana wao ndio walioushika mlango siku zote. Na wasichana wachanjwe surua kabla ya kuolewa, ili watoto wao wazaliwe na ngao.