Kijapani cha kusikiliza kwenye simu: pa kuanzia kwa asiyejua hata neno moja

Ukipita Mtoni kwa Azizi Ali asubuhi, magari yakianza kutoka kwenye vichochoro kuingia Barabara ya Kilwa, utasikia Kijapani. Dereva anawasha IST au Passo, na kabla hajaingiza gia, sauti ya mwanamke inatoka chini ya dashibodi. Wapo abiria wanaodhani gari linasalimia.

Gari halisalimii, linalalamika. Maneno yenyewe ni "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen", yaani kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama getini. Kadi ilibaki huko na mwenye gari wa kwanza, ila kifaa bado kinaitafuta kila siku, mpaka huku Temeke. Baadhi ya malori ya Kijapani nayo yakirudi nyuma husema "Bakku shimasu, go-chuui kudasai": linarudi nyuma, tafadhali kuweni makini.

Kwa hiyo sikio la mkazi wa Dar halianzii sifuri. Na sentensi ile ya kadi tayari ni somo zima. Neno "kaado" ni kadi. Mwisho wake, "-masen", ndiyo "ha-" na "si-" yetu, ila Wajapani wanaiweka mkiani. "Wakarimasu" ni naelewa, "wakarimasen" ni sielewi. "Tabemasu" ni kula, "tabemasen" ni kutokula. Kitenzi chao hakibebi mtu kama chetu: nakula, unakula na anakula yote ni "tabemasu", na nani anakula utajua kutokana na mazungumzo. Aliyewahi kumfundisha mgeni ngeli za Kiswahili ataona Wajapani wamemwonea huruma mwanafunzi, walau hapo.

Masomo yapo wapi?

Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lina idhaa ya Kiswahili tangu miaka ya 1960, enzi za redio za masafa mafupi. Idhaa yake ya kimataifa, NHK WORLD-JAPAN, ina masomo ya sauti ya Kijapani rahisi yanayoelezwa kwa Kiswahili, na ni bure. Mfululizo ulioanza 2015 una masomo 48, kila moja kama dakika 10, ukimfuata Anna, mwanafunzi kutoka Thailand anayesoma chuo Tokyo. Baadaye ulikuja mwingine wa masomo 48, safari hii na Tam, msichana kutoka Vietnam.

Faida yake kubwa ni lugha ya maelezo. Programu nyingi za simu zinamfundisha mtu Kijapani kwa Kiingereza, na asiyekuwa mzuri kwenye Kiingereza anajikuta anajifunza lugha mbili kwa mpigo. Jambo la pili ni bando. Faili la sauti la dakika 10 ni dogo kuliko video ya muda huohuo, na likishapakuliwa linasikilizwa hata mara 20 bila intaneti.

Tatizo la wengi ni kusikiliza kama wanasikiliza muziki. Sauti inapita, somo linaisha, mdomo haujafunguka. Mtaalamu wa lugha wa Marekani, Paul Pimsleur, aliandika mwaka 1967 kuhusu namna ya kukumbuka maneno: ulize neno baada ya sekunde 5, kisha baada ya sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, na kuendelea. Maana yake ni kwamba neno linakaa kichwani pale mtu anapolazimika kulitafuta mwenyewe likiwa karibu kupotea. Kulisikia mara 50 mfululizo hakufanyi kazi hiyo.

Kwa mtu wa daladala la Mbagala hili linawezekana kabisa. Somo lisikilizwe nyumbani mara moja kwa utulivu. Njiani lirudiwe, lakini kila sentensi ikianza kusemwa kwa Kiswahili, sauti isimamishwe na msikilizaji aseme ya Kijapani mwenyewe, hata kwa kunong'ona, ndipo aiachie aone kama amepatia. Foleni ya Kilwa ikikaza, anaweza kumaliza somo mara tatu. Jioni anajiuliza tena bila simu. Siku inayofuata hapaswi kukimbilia somo jipya kabla ya kujaribu la jana. Ila anayeendesha bodaboda aache spika za masikioni nyumbani, maana barabara ile inahitaji masikio yote mawili.

Matamshi: tuna bahati, halafu tuna tabia mbaya

Bahati ni irabu. Kijapani kina a, i, u, e, o, karibu sawa na zetu, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Mtu wa Temeke anayesoma "sakana" (samaki) anakaribia sana kupatia mara ya kwanza, wakati Mwingereza anahangaika.

Tabia mbaya ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Ndiyo maana wengi husema "arigaato", wakati asante ya Kijapani ni "arigatoo", mvuto uko mwisho. Na urefu wa irabu kwao unabadilisha maana, kama kwetu kufa na kufaa. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo. "Obaasan" ni bibi kizee. Ukivuta vibaya, mtu atajisikia ameongezewa miaka 30. Konsonanti pia zina urefu: "kite" ni njoo, "kitte" ni stempu ya barua. Kuna na kupanda na kushuka kwa sauti, kama sisi tunavyotofautisha barabara ya kupita magari na barabara ya kufanya jambo sawasawa. Haya yote kitabu hakiyafundishi vizuri. Sauti inayafundisha.

Kingine cha kuzoea: "desu", ambayo ni kama "ni" yetu lakini inakaa mwisho wa sentensi, husikika "des". Irabu ya mwisho imemezwa. "Watashi wa Juma desu" ni mimi ni Juma. Ukiongeza "ka" mwishoni, sentensi inakuwa swali.

Maneno mengine yatachekesha, na heri msikilizaji ayajue mapema. "Saba" kwa Kijapani ni samaki wa jamii ya vibua, "kasa" ni mwavuli, na pweza anaitwa "tako". Dubu ana jina ambalo hapa haliandikiki, na anayefanyia mazoezi sebuleni kwa wakwe aliruke.

Heshima

Hapa Mswahili anaelewa haraka. Kama ambavyo kijana hawezi kumwambia mzee "mambo", Kijapani kina "ohayoo" ya rafiki na "ohayoo gozaimasu" ya mwalimu, bosi au mtu usiyemjua. Masomo ya kuanzia hufundisha sana njia ya heshima, ile ya "-masu" na "desu", na ni sawa kubaki nayo. Jina la mwenzako huongezwa "-san", lakini mtu hajiongezei mwenyewe. Kujiita Juma-san ni kama kujiamkia shikamoo.

Kazi Japani: sauti peke yake haitoshi

Vijana wengi wanaotafuta Kijapani siku hizi wanafikiria ajira. Aprili 2019 Japani ilianzisha viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, ikihusisha sekta kama uhudumu wa wazee, ujenzi, kilimo na ufundi wa magari. Kwa kawaida mwombaji anatakiwa kufaulu mtihani wa ujuzi na pia wa lugha: ama JLPT ngazi ya N4, ama ule unaoitwa JFT-Basic. JLPT ina ngazi tano, N5 ikiwa ya chini na N1 ya juu.

Mitihani hiyo ina sehemu ya kusikiliza, lakini ina kusoma pia. Aliyemaliza masomo 48 ya sauti anaweza kujitambulisha, kuuliza bei, kuomba njia na kusema hajaelewa. Hajafika N4. Kwa hiyo dalali anayechukua hela Temeke na kuahidi kazi Japani kwa "Kijapani cha wiki mbili" anauza kitu ambacho mfumo wenyewe haukitambui. Kabla ya kutoa hata shilingi, wakala aulizwe mtihani gani, sekta gani, na mwajiri ni nani. Kisha TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, waulizwe kama wanamtambua.

Njia ya masomo ni tofauti. Mpango wa ABE, uliotangazwa kwenye mkutano wa TICAD wa Yokohama mwaka 2013, umewapeleka vijana wa Afrika kusoma shahada ya uzamili Japani na kufanya mazoezi ya kazi kwenye kampuni za huko. Masomo hufundishwa zaidi kwa Kiingereza. Huko Kijapani cha mazungumzo kinasaidia dukani, kwenye treni na kwa mwenye nyumba.

Anayetaka kusogea baada ya sauti aanze na hiragana, herufi 46 za msingi. Hazitishi kama zinavyoonekana, kwa sababu karibu kila moja ni silabi: a, i, u, e, o, halafu ka, ki, ku, ke, ko. Ni ileile ba, be, bi, bo, bu ya darasa la kwanza, imepangwa tofauti kidogo. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zinaweza kusubiri mpaka hiragana na dada yake katakana zikae kichwani.