Mahindi Sumbawanga, njaa Dodoma

Ukame ukibisha hodi sote hutazama mbinguni. Mvua imegoma, basi kuna njaa. Historia yetu lakini ina maneno mengine: mara nyingi mkoa mmoja umelala njaa huku mwingine ukiwa na nafaka. Nani aunganishe shamba la huyu na sufuria ya yule, na nani alipe nauli?

Tuanzie Ugogo. Wagogo walikuwa wamezoea ukame. Mavuno yakikosekana walipeleka mifugo kwa majirani, wakarudi na nafaka. Ng'ombe ndiye alikuwa bima. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani wakachukua nafaka, mifugo na wapagazi. Waingereza walipoingia mwaka 1916, nao wakachukua. Mvua ilipokosekana, watu hawakuwa na akiba wala ng'ombe wa kubadilisha. Njaa ile ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya, na iliua maelfu.

Turukie baada ya Uhuru. Ukame wa 1973 hadi 1975 ulikuta wananchi wengi wakihamishiwa vijijini, mara nyingine kwa nguvu, wakiacha mashamba yao. Serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi nje, tena wakati bei ya mafuta imepaa. Hapo ikaja bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Rukwa akalipwa sawasawa na wa jirani na Dar es Salaam, na gharama ya kusafirisha ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lile tulilolijua kama NMC. Barabara ya kwenda Zambia ilikuwepo, na reli ya TAZARA ikakamilika 1975. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikageuka ghala la taifa.

Tatizo ni kwamba NMC ilielemewa na madeni, wakulima wakacheleweshewa malipo, na mahindi yakaanza kupita njia za panya. Sheria nayo ilibana: bila kibali hukuruhusiwa kuvusha zaidi ya kilo 30 kutoka mkoa hadi mkoa. Fikiria, ndugu yako ana njaa Dodoma, wewe una gunia moja Iringa, na gunia hilo ni kosa! Mwaka 1984 kiwango kilipandishwa hadi kilo 500, na 1987 kikafutwa.

Wafanyabiashara wakachukua usukani. Lakini lori la mfanyabiashara huifuata fedha, na familia iliyoishiwa haina fedha. Ndiyo maana Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanza kazi 2008, hununua nafaka kwa wakulima, ukaiweka kwenye maghala kama ya Makambako, Songea na Sumbawanga, kisha ukaipeleka penye upungufu.

Tumejaribu pia njia ya mkato. Mwaka 2011, na tena 2017, serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje. Mlaji akapata nafuu, mkulima akaangaliana na magunia yasiyo na soko zuri.

Mimi naona somo ni moja. Chakula cha mwenye njaa kina gharama, na gharama hiyo ni ya taifa zima. Mkulima akibebeshwa peke yake, msimu unaofuata atalima cha kumtosha yeye na watoto wake. Hapo hata maghala hayatatusaidia.