Tendaguru katika Mfupa na katika Picha: Kuyajenga Upya Makazi ya Dinosau wa Lindi

Kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, kina historia mbili. Ya kwanza ni ya wanyama walioishi huko yapata miaka milioni 150 iliyopita. Ya pili ni ya wanadamu waliojaribu kuyasawiri maisha hayo kutokana na mifupa. Makala haya yanazichunguza historia hizo kwa pamoja, na yanatoa hoja kwamba picha ya makazi ya kale si pambo la kitabu, bali ni dai la kitaaluma linalopaswa kuhojiwa kama madai mengine.

Kati ya 1909 na 1913, Makumbusho ya Sayansi Asilia ya Berlin yaliendesha uchimbaji mkubwa huko Tendaguru, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Mamia ya wenyeji waliajiriwa, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilichukuliwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Hayo yalitendeka miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, katika nchi iliyokuwa imeteketezwa na vita na njaa.

Miamba yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza wa makazi hayo. Tabaka zenye mifupa ya dinosau zimepishana na tabaka za mchanga zenye kombe za baharini. Mpishano huo unaonyesha pwani ambayo bahari iliisogelea na kuiacha mara kwa mara: palikuwa na maji tulivu yaliyokingwa na mafungu ya mchanga, nyanda zilizofunikwa na maji kujaa na kufunuliwa na maji kupwa, na nyuma yake nchi kavu yenye miti jamii ya misonobari. Chavua iliyohifadhiwa katika mashapo inathibitisha kuwapo kwa miti hiyo. Nyasi hazikuwapo. Kwa hiyo, mchoraji anayemweka dinosau wa Tendaguru katika mbuga ifananayo na Serengeti amechora Tanzania ya leo, si ya wakati ule. Aidha, mahali mfupa ulipozikwa si lazima pawe ndipo mnyama alipoishi. Yawezekana wanyama wakubwa waliishi bara na kuteremka pwani kwa msimu tu.

Mfano bora wa nguvu ya picha ni Brachiosaurus brancai, ambaye leo wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Janensch alimpa jina hilo la kwanza mwaka 1914, na kiunzi chake kikasimamishwa Berlin mwaka 1937. Mwaka 1941 mchoraji Zdeněk Burian alimwonyesha akiwa amezama katika maji marefu, kichwa tu kikichungulia juu. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alionyesha kuwa shinikizo la maji katika kina hicho lingemzuia mnyama kuvuta pumzi. Hata hivyo, picha ile iliendelea kuzunguka vitabuni kwa miaka mingi baada ya hoja yake kuanguka. Kiunzi chenyewe kilirekebishwa na kufunguliwa tena mwaka 2007, kikiwa na urefu wa mita 13.27, miguu ya mbele imenyooka na mkia hauburuziki tena.

Katika historia hii ndefu ya kuchora, walioyajua mashimo ya Tendaguru kwa mikono yao hawakupewa nafasi ya kusema. Ni mwaka 2007 tu ndipo spishi moja, Australodocus bohetii, ilipopewa jina la kumkumbuka Boheti.

Mambo matatu yanafuata kwa watunga sera. Kwanza, picha za makazi ya kale katika vitabu vya shule zichorwe na wasanii wa kanda wakishirikiana na wanajiolojia. Pili, kila picha ieleze kwa Kiswahili kipi ni ushahidi, kipi ni makisio na kipi ni ubunifu. Tatu, mjadala wa kurejesha visukuku usiishie kwenye mifupa. Uhusishe pia shajara, ramani na michoro ya uchimbaji, kwa kuwa bila hizo mfupa hupoteza tabaka lake, na mfupa usio na tabaka hauwezi kutueleza mnyama aliishi wapi.