Haki za wateja nchini Kenya

Haki za wateja nchini Kenya ni haki za kisheria alizo nazo mtu anayenunua bidhaa au kulipia huduma. Haki hizo zinatokana na Katiba ya mwaka 2010, sheria zilizotungwa na Bunge na maamuzi ya mahakama. Zinahusu ubora wa huduma, ukweli wa maelezo anayopewa mteja, kiasi cha malipo na fidia pale anapopata hasara.

Historia

Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mtumiaji: usalama, kupewa habari, kuchagua na kusikilizwa. Tangu mwaka 1983 tarehe hiyo huadhimishwa kama Siku ya Haki za Watumiaji Duniani. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kuwalinda watumiaji.

Nchini Kenya, kwa miaka mingi mteja alitegemea Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyofuata mfano wa Uingereza, pamoja na kanuni za kawaida za mikataba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kilizifanya haki hizo kuwa za kikatiba.

Katiba na sheria

Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya:

* bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha;
* habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu;
* kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi;
* kulipwa fidia kwa hasara au madhara yanayotokana na kasoro.

Haki hizo zinahusu huduma za watu binafsi na za taasisi za umma pia. Kwa hiyo ofisi ya serikali inayotoza ada nayo inabanwa na kifungu hicho.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inafafanua zaidi. Mtoa huduma huhesabiwa kuwa ameahidi huduma ya ubora unaokubalika, hata kama ahadi hiyo haikuandikwa. Akitoa makadirio ya gharama katika mkataba, haruhusiwi kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Kwa mfano, fundi wa gari aliyekadiria shilingi 20,000 hawezi kudai zaidi ya 22,000, isipokuwa pande mbili zimekubaliana kuhusu kazi mpya. Mteja hapotezi haki hizi kwa kutia sahihi karatasi inayosema kuwa ameziacha.

Huduma mbaya na malipo

Huduma mbaya haimpi mteja ruhusa ya kukataa kulipa katika kila hali. Sheria ya Mikataba ya Kenya inafuata kanuni za Uingereza, na huko kesi mbili zinaonyesha mpaka ulipo.

Katika *Hoenig v Isaacs* (1952), fundi alipamba na kuweka samani katika nyumba kwa pauni 750. Kasoro chache zilihitaji takriban pauni 55 kurekebishwa. Mahakama iliona kuwa kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa, hivyo mteja alipaswa kulipa baada ya kutoa gharama ya kasoro. Katika *Bolton v Mahadeva* (1972), mitambo ya kupasha nyumba joto iliyogharimu pauni 560 haikutoa joto la kutosha na ilitoa moshi ndani. Hapo fundi hakustahili malipo ya kazi hiyo.

Kwa upande wake, fundi anayedai ujira wa matengenezo anaweza kukizuia kifaa hadi alipwe. Kifaa kisipochukuliwa, kuna sheria maalumu inayoruhusu kukiuza, ila ni lazima afuate utaratibu na kumpa mwenyewe taarifa kwanza.

Kunyimwa huduma na kuzuiliwa

Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi, ukiwemo unaofanywa na mtu binafsi, kwa misingi kama kabila, dini, jinsia au ulemavu. Kifungu cha 43 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kinachoweza kuzuiliwa kwa sababu ya deni ni kifaa, si mtu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliamua kuwa kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa bili kulivunja haki zao, ikaamuru walipwe fidia. Deni hubaki kuwa deni, lakini hudaiwa kwa njia za kawaida za kisheria.

Njia za kudai haki

Kwa kawaida mteja huanza kwa kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, ikiwezekana kwa maandishi. Risiti, ujumbe wa malipo ya simu, picha na makadirio ya gharama huwa ushahidi muhimu.

Asiporidhika, anaweza kwenda kwa:

* Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, kuhusu matangazo ya uongo na biashara isiyo ya haki;
* Mamlaka ya Mawasiliano, kuhusu simu na intaneti;
* Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na kesi hutakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na mdai anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee.

Tazama pia

* Katiba ya Kenya
* Mkataba
* Mahakama Kuu ya Kenya