Miguu ya Njia ya Kisaki

Kocha anayemwandaa mtu kwa mbio zake za kwanza za kilomita 21 au 42 humwanzisha na umbali mfupi kuliko anaoutamani mwenyewe. Humwongezea kidogo kidogo, humtoa alfajiri, humzuia kufukuzana na wazoefu. Kusini mwa milima ya Uluguru, katika bonde la Wakutu uliko mji mdogo wa Kisaki, watu wa karne ya 19 waliyajua hayo yote na kuyaishi.

Misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Zungomero, si mbali na Kisaki ya leo. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo Julai 1857. Wapagazi waliosifika zaidi kwa masafa marefu walikuwa Wanyamwezi, na ufundi wao ulianza utotoni: Burton aliandika kwamba kwao upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na watoto walizoezwa kwa kubeba pembe ndogo za ndovu. Mtu mzima alichukua ratili 60 au 70, karibu kilo 30, kwa miezi kadhaa.

Siku ya kwanza ilikuwa fupi kwa makusudi. Msafara ulipiga kambi jirani na mji ulikotoka. Kilichosahaulika kikafuatwa, mizigo ikafungwa upya, mabega yakaanza kuzoea. Kisha safari ikawa ya alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, mbele, ngoma na nyimbo zikishika hatua, na kabla jua halijawa kali watu walikuwa wametua. Terekeza, ule mwendo mgumu wa alasiri wa kuvuka nyika isiyo na maji, ulifanywa pale tu ilipobidi. Posho ya nafaka ilipimwa kwa kibaba, na msafara uliokosa posho ulitorokwa.

Thamani ya uzoefu huo ilionekana Juni 1879. Keith Johnston, kiongozi wa msafara wa wanajiografia wa Uingereza, alifariki Behobeho, kusini mwa Kisaki, kwa kuhara damu. Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, akaurithi uongozi na kufika Ziwa Nyasa na Tanganyika. Sifa kubwa ya safari ile inamstahili pia Chuma, mnyapara wake, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa mpelelezi Livingstone hadi pwani.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Septemba 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma Kisaki na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, na hadi Januari 1917 pande mbili zilikabiliana kwenye Mto Mgeta. Chakula na risasi za Waingereza zilitoka reli ya kati na kusukumwa kuelekea Duthumi, na magari yalipokwama matopeni mzigo ulihamia vichwani mwa watu. Wengi hawakuwa wapagazi wa kazi. Walikamatwa vijijini wakapewa mzigo kamili tangu siku ya kwanza, posho ndogo, mablanketi machache, mvua juu. Malaria na kuhara damu viliwaua makumi ya maelfu katika vita nzima ya Afrika Mashariki, wengi kuliko risasi zilivyoua. Hapakuwa na kambi ya jirani wala mtu wa kupima mwendo wao.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi hao kwenye maandishi yake. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki.