Nauli Ilivyotufundisha Kukaza Mkanda Pamoja



Kamati ya sherehe iliponiagiza niandike historia ya kikundi chetu, nilidhani kazi ni nyepesi. Nitafungua daftari la kwanza, nitataja siku tuliyonunua sanduku na kufuli zake tatu, nitahesabu hisa, basi. Lakini nilipoyapitia madaftari, kila baada ya kurasa mbili tatu nilikutana na neno moja. Si hisa, wala si mkopo. Ni nauli. "Amechelewa, nauli." "Hakufika, nauli." "Anaomba asamehewe faini, nauli."

Nikajisemea, kumbe historia yetu ndiyo hii. Mchele ukipanda bei, mama atapika ugali. Sukari ikipanda, watoto watakunywa uji wa chumvi. Lakini nauli haigawanyiki, na konda hakubali kuambiwa nitakupa kesho. Kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo, kwa mama zetu, ndipo nije kwetu.

MAMA ZETU NA SARAFU YA DALA

Zamani mabasi ya mji huu wa Dar es Salaam yalikuwa ya kampuni iliyoitwa DMT. Baada ya Azimio la Arusha kampuni hiyo ilitaifishwa, na mwaka 1974 kazi zake zikagawanywa. KAMATA ikachukua safari za mikoani, na UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, ikabaki na mji. Ila mji ulikuwa unakua haraka kuliko mabasi. Mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni za kununulia vipuri zikawa adimu, na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 hali ikazidi kuwa ngumu. Basi bovu lilikaa bovu. Mama zetu wanasimulia jinsi walivyosimama kituoni tangu alfajiri, na gari likija limejaa hadi mlangoni.

Mwaka 1983 serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani waliiita dala. Makonda wakawa wanaita "dala, dala!" na jina likaganda mpaka leo, ingawa dala yenyewe haikununulii tena hata kiberiti. Yalikuwapo pia yale ya chai maharage, pikapu zilizofungwa mabenchi nyuma, abiria wakakaa wakitazamana magoti kwa magoti.

Usafiri ulipatikana, lakini mfukoni hapakuwa na kitu. Miaka ile mshahara ulibaki jina tu. Mtafiti mmoja, Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi yake Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alionyesha kwamba familia nyingi za mji huu zilikula kwa miradi midogo ya nyumbani kuliko kwa mshahara. Na miradi hiyo mingi ilikuwa mikononi mwa kina mama: vitumbua, maandazi, mkaa, barafu, kuku wa uani. Hela iliyopatikana wakaizungusha kwenye upatu. Hakuna aliyewapa semina. Walijua tu kwamba shilingi ikikaa kwa mtu mmoja huliwa, ikipita mikononi mwa wengi hukua.

Nimeliweka jambo hili mapema kwa sababu vijana wetu hudhani vikundi vya kuweka na kukopa vimeletwa na mafunzo ya juzi. Mafunzo yametusaidia, sikatai. Hata mtindo huu wa sanduku na hisa una historia yake: ulianza kwa kina mama wa Niger, wakisaidiwa na shirika la CARE, mwaka 1991. Lakini shina la upatu tulikuwa nalo nyumbani.

KWA NINI KONDA ANA HARAKA

Nauli haipandi kwa uchoyo wa konda peke yake. Gari nyingi za daladala si mali ya dereva. Kila jioni dereva humpelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, kinaitwa hesabu. Akipata abiria asipate, hesabu iko palepale. Mafuta ni juu yake. Kinachobaki ndicho cha kwake na konda wake.

Ukishaelewa hesabu, umeelewa karibu kila karaha tunayoipata kituoni. Ndiyo maana gari halitoki mpaka lijae. Ndiyo maana mwanafunzi wa shilingi 200 anasukumwa pembeni, manake kiti chake kingelipa zaidi kwa mtu mzima. Ndiyo maana dereva hukatisha ruti, akakushusha njiani, ukalipa gari la pili. Na ndiyo maana sisi wenyewe asubuhi tunageuza na gari, tunalipa nauli mara mbili ili tu tupate pa kukaa.

Bei za halali nazo hazikusimama. Kwa safari isiyozidi kilomita 10, nauli ya daladala ilikuwa shilingi 400 kuanzia 2013, ikawa 500 Mei 2022, na Desemba 2023 ikafika 600. Mwenye gari yake anaona ni mia tu. Mama anayetoka mara mbili kwa siku na watoto wawili nyuma yake anajua mia hiyo ina uzito gani mwisho wa mwezi.

SANDUKU LETU NA BARABARA YA MOROGORO

Sisi tulianza mwaka 2015 hapa Kimara, tukiwa wanawake kumi na tisa chini ya mwembe wa jirani. Mwaka uliofuata, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yakaanza. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650, na tulilalamika kwelikweli, kwa sababu tulizoea kulipa chini ya hapo. Lakini mwenzetu mmoja mkaanga chapati alisimama kikaoni akatuambia: jamani, mimi nilikuwa nikikaa kwenye foleni saa mbili. Sasa nafika mapema, nauza supu na chapati kabla watu hawajaingia ofisini. Mia mbili niliyoongeza imerudi kabla ya saa tatu.

Siku ile tulijifunza somo la kwanza: rahisi si lazima iwe ile yenye bei ndogo. Muda wa mwanamke nao una bei, ingawa hakuna anayekupa risiti. Baadaye foleni zilihamia kituoni kwenyewe, tukabanana hadi mlangoni, na wengine wakarudia njia zao za zamani. Lakini somo lilibaki.

FAINI AMBAYO HATUKUPASWA KUITOZA

Mwaka 2017, ili kupisha upanuzi wa barabara kutoka Kimara kwenda Kibaha, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zikabomolewa. Wanachama wetu kadhaa, wenye nyumba na wapangaji, wakahamia mbele, Mbezi na Kibamba. Mwenzetu mmoja fundi cherehani alikuwa miongoni mwao.

Alikosa kikao cha kwanza. Hisa yake ililetwa na jirani. Cha pili vilevile. Cha tatu vilevile. Katiba yetu ilisema asiyefika analipa faini ya shilingi 1,000, nasi tukaandika bila kusita. Ninalo daftari hapa, na mwandiko ni wangu mimi mwenyewe: "Hisa imepokewa. Mwenyewe hakufika. Faini 1,000." Mara tatu. Tukasema maneno pia. Tukasema amehama na sisi ametuhama, ameanza kujisikia.

Mweka hazina wetu ndiye aliyekutana naye Mbezi, anatembea kwa miguu na mtoto mgongoni. Akamuuliza, mwenzetu, mbona umetutupa? Akajibiwa: "Dada, hela ya hisa ninayo. Ya gari ndiyo sina. Na nikiitoa ya gari, ya hisa haipo."

Yaani mtu alikuwa anachagua kati ya kuja kikaoni na kuweka akiba. Akachagua akiba, nasi tukamtoza faini kwa uaminifu wake.

Kikao kilichofuata kilikuwa kikali. Wapo waliosema sheria ni sheria, sote tunalipa nauli, tukianza kusamehe sanduku litakufa. Hawakuwa watu wabaya. Kikundi kisicho na faini hufa kweli, tumeviona vingi. Lakini bibi yetu mmoja, mkubwa kuliko sote, aliuliza swali moja: faini iliwekwa kumwadhibu mzembe au kumwadhibu aliye mbali? Tukanyamaza.

Tulimrudishia shilingi zake 3,000. Tukabadili katiba: anayeleta hisa kwa wakati hatozwi kwa kutofika, mradi atoe taarifa. Vikao vikaanza kuzunguka, kimoja Kimara, kimoja Mbezi, kimoja Kibamba. Fundi wetu alirudi. Lakini wanachama wawili wengine walikuwa wameshachukua akiba zao na kuaga, na hawakusema sababu. Nadhani sababu tunaijua. Umaskini wa nauli ni wa aibu. Mtu atakuambia anaumwa, atakuambia ana mgeni, ili tu asiseme hana nauli.

TULIYOYAFANYA BAADA YA HAPO

Tangu hapo tukaanza kuitazama nauli kama tunavyoitazama mkopo: ihesabiwe, iandikwe, ijadiliwe. Ninaandika machache ili wanaotufuata wasianze upya.

Kwanza, soko la pamoja. Tuseme wanawake kumi na wawili wanakwenda soko la Mabibo kununua nyanya, vitunguu na ndizi. Kwa nauli ya 600 kwenda na 600 kurudi, nauli peke yake ni shilingi 14,400. Wakienda wawili kwa niaba ya wote ni 2,400. Zinabaki 12,000 za kuchangia kirikuu cha kuleta mzigo. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa tenga zima hasemi na muuzaji kama mnunuzi wa fungu. Wanaokwenda hubadilishana kwa zamu, na bei huandikwa mbele ya wote, manake hela ya watu bila daftari huvunja urafiki.

Pili, tuliacha kupimiwa. Mafuta ya kula ya kupima kwenye kifuko kila siku huonekana rahisi, lakini mwisho wa mwezi yamekuwa ghali kuliko dumu. Mtu mmoja hawezi dumu la lita 20. Wanne wanaweza.

Tatu, simu. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, hela inaweza kusafiri bila mwenyewe. Lakini nayo ina nauli yake. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 tulishtuka, tukakubaliana hisa zikusanywe mtaa kwa mtaa kwa fedha taslimu, kisha mmoja atume mara moja kwa wote.

Nne, na hili naomba lisisahaulike: si kila kupunguza ni kuokoa. Mama anayetembea kutoka shambani hadi nyumbani gizani ili aokoe mia sita hajaokoa kitu akikabwa njiani. Mtoto anayefika shule amechoka kwa mwendo mrefu analipa nauli ile kwa akili yake. Kukaza mkanda ni vizuri, lakini usiukaze kwenye shingo ya mwingine.

MWISHO

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Ila miaka kumi imetuonyesha kwamba kibaba cha peke yako hutoboka haraka. Mama zetu walilijua hilo walipocheza upatu, nasi tumelijua kwa njia ya nauli.

Basi kwa sherehe hii nina ombi moja tu. Mwenzako asipofika kikaoni, kabla hujachukua kalamu ya faini, mpigie simu. Muulize kwa upole yuko wapi, na kama ana nauli ya kumfikisha.